Udaktari Kampala, Uhandisi Nairobi, Sheria Dar

Kwenye kabati la babu, Mwanza, kuna cheti kilichoandikwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nilipokuwa kidato cha sita, napekua orodha za vyuo bora, nilikitafuta hicho mtandaoni nijue ni cha ngapi. Babu alicheka mpaka akakohoa. "Kilikufa kabla baba yako hajaanza shule, mjukuu wangu."

Kilizinduliwa Juni 1963, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake, kikavunjwa 1970. Matawi yake matatu hayakulingana hata umri. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi. Nairobi ilikuwa chuo cha ufundi cha miaka ya 1950. Dar es Salaam ilianza Oktoba 1961, na wanafunzi wachache wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Basi wakagawana: udaktari na kilimo Makerere, uhandisi, usanifu majengo na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar. Mkenya aliyetaka uwakili alishuka Dar. Babu, aliyetaka kutibu watu, alipanda meli akavuka ziwa.

"Ulichagua Makerere kwa sababu ilikuwa bora?"

"Sikuchagua chuo. Nilichagua udaktari, na udaktari ulikuwa Kampala."

Jibu hilo limenikaa. Tunapanga vyuo kana kwamba ubora umeota pale ulipo kama mbuyu, kumbe Dar ilikuwa na sheria kwa sababu ilipewa. Ila kupewa hakutoshi, na hapo ndipo tunapobishana kila Krismasi. Historia ilifundishwa kote. Lakini Mlimani alikuja Terence Ranger, kisha Walter Rodney, na historia ya Afrika ikaanza kuandikwa kwa jicho jingine. Nairobi, mji wa wahandisi, ndiko mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikodai Idara ya Kiingereza ifutwe. Jambo kama hilo hakuna kamati inayoligawa.

Kilichokivunja chuo ni hesabu. Kila serikali ilihitaji madaktari na wahandisi wake, na haikutaka kupanga foleni kwa jirani. Nairobi ikaanzisha udaktari 1967, Dar ikafuata. Uhandisi ukafika Dar 1973. Babu anasema ilibidi. Wilaya aliyopangiwa kazi ilikuwa na daktari mmoja, yeye. Namkubalia, kwa shingo upande.

Maana kuna jambo ambalo hesabu hiyo haikulihesabu. Usiku mmoja wa 1972 mwenzake wa bwenini, Mganda, alibisha hodi Mwanza. Alikuwa amemkimbia Amin, mkononi hana hata mfuko. Mji mzima hakumjua mtu mwingine. Babu hakumuuliza kitu. Bibi aliinuka akateka maji ya kuoga motoni.