Jua la Kisumu si la kuchezea

Sisi wa Pwani tukifika Kisumu hudhani joto tumelizoea. Lakini mji huo uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta, na hewa yake haina unyevu wa Mombasa. Jasho hukauka upesi, mtu asijue maji yamemtoka. Januari hadi Machi ndiyo miezi mibaya zaidi, hasa kwa wasio na kivuli: kina mama wanaoanika omena, yaani dagaa, wavuvi, na watu wa bodaboda.

Kichwa kikiuma, ukiona kizunguzungu au misuli ikikaza, ingia kivulini unywe maji kidogo kidogo. Ya ziwani yachemshwe kwanza, kipindupindu hakina mzaha. Ikiwa ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua, siku atailipa.

Akianza kuropoka au kuyumba na mwili unawaka, hayo si machovu tena. Joto la mwili likifika nyuzi 40 ubongo huweza kudhurika. Mlegezeeni nguo, mmwagieni maji, mpepeeni papo hapo huku gari la hospitali likitafutwa. Akizimia msimnyweshe kitu, mlazeni ubavu.