Orodha haihashiki

Mwanafunzi wa Python anataka kuhifadhi umbali kati ya miji. Anaunda kamusi tupu, anaiita umbali, kisha anaandika mstari ambao kwa macho hauna kasoro: umbali[["Dar", "Morogoro"]] = 190. Miji miwili imo ndani ya orodha, orodha ndiyo ufunguo, kilomita ndizo thamani. Programu inasimama papo hapo na kutoa ujumbe wa TypeError wenye maneno unhashable type: 'list'. Anahesabu mabano. Anakagua mkato na alama za kunukuu. Anaufuta mstari na kuuandika upya herufi kwa herufi, na kosa linabaki palepale.

Mabano yake yako sawa. Maelezo yote yamo katika neno moja la ujumbe huo, unhashable, na neno hilo ni miongoni mwa yale ambayo walimu wengi wa programu huyaruka kwa kusema tu kwamba "orodha hairuhusiwi hapo". Jibu hilo ni kweli, lakini halimsaidii mwanafunzi kosa lilelile likimjia kesho kwa sura nyingine.

Mzizi wa neno ni hash, na wazo lake lina umri mkubwa kuliko Python yenyewe. Januari 1953, Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliandika waraka wa ndani akipendekeza njia mpya ya kutafuta rekodi. Badala ya mashine kupekua rekodi moja baada ya nyingine, ikokotoe namba kutokana na ufunguo wa rekodi, na namba hiyo ndiyo iseme rekodi ikae wapi. (Luhn huyuhuyu ndiye aliyebuni hesabu ya kuhakiki namba za kadi za benki. Tarakimu ya mwisho ya IMEI, ile namba inayotokea mtu akibonyeza *#06# kwenye simu, hupatikana kwa hesabu hiyo.) Jina lenyewe lilikuja kuenea katika maandishi ya kitaalamu baada ya makala ya Robert Morris ya 1968.

Kamusi ya Python hufanya kazi kwa wazo hilo. Tuseme ndiyo kwanza imepokea kitu chake cha kwanza, hivyo ina nafasi 8 tu. Ufunguo 21 unaingia. Kwa namba ndogo nzima, Python hurudisha namba ileile kuwa hashi yake, kwa hiyo hashi ya 21 ni 21. Gawanya kwa 8, baki ni 5, basi 21 inakaa nafasi ya 5. Ukija ufunguo 13, baki ni 5 tena. Huo ndio mgongano, na Python ina kanuni ya kutafuta nafasi nyingine kila unapotokea. Kuna namba moja tu ndogo inayokwenda kinyume: hashi ya -1 ni -2, kwa sababu ndani ya Python, katika sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C, -1 imetengwa iwe ishara ya kosa. Faida ya mpango huu wote ni kasi. Kamusi yenye vitu milioni moja hujibu karibu upesi sawa na yenye vitu kumi, maana haipekui, inakokotoa na kwenda moja kwa moja.

Sasa jina la Kiswahili. Kiingereza kilichukua neno la jikoni, lenye asili ya Kifaransa, la kukatakata na kuchanganya. Kulitafsiri kwa "kusaga" au "kukatakata" kungepotosha, kwa kuwa kinachosagwa hakibaki kilivyokuwa, ilhali kukokotoa hashi hakugusi kitu chenyewe hata kidogo. "Kusimba" nako hakufai. Usimbaji fiche umeshazoeleka kwa maana ya kuficha ujumbe ili mwenye ufunguo aweze kuufumbua, na hashi haifumbuliwi. Maandishi yenye urefu wowote hugeuka namba yenye ukubwa uliowekwa mpaka, na kutoka kwenye namba hiyo hakuna njia ya uhakika ya kurudi kwenye maandishi.

Lililo bora ni kulikopa neno na kuliacha liote ndani ya sarufi yetu: hashi kwa nomino, kuhashi kwa kitenzi. Kiswahili kimefanya hivyo mara nyingi. Tafsiri ikazaa tafsirika, hesabu ikazaa hesabika, fikiri ikazaa fikirika. Kwa njia hiyohiyo kuhashi huzaa kuhashika, na ule ujumbe uliomkwamisha mwanafunzi unakuwa sentensi ya maneno mawili: orodha haihashiki. Mnyambuliko huo wa -ika ndio unaofanya kazi kubwa hapa. Mtu akisema maji haya hayanyweki, hamlaumu mnywaji wala kikombe. Anasema tatizo liko ndani ya maji. Hivyo ndivyo ilivyo kwa orodha. Mstari uliandikwa vizuri, ila kitu kilichotiwa mahali pa ufunguo hakina sifa inayotakiwa.

Na sifa inayotakiwa ni ipi? Ni kwamba hashi ya kitu isibadilike maisha yake yote, na vitu viwili vilivyo sawa viwe na hashi moja. Orodha zilizo sawa ni zile zenye vitu vilevile kwa mpangilio uleule, kwa hiyo hashi ya orodha ingelazimika kutokana na vilivyomo. Lakini orodha huongezwa, hupunguzwa na kupangwa upya wakati wowote. Chukua orodha yenye 1 na 2, iwe imekubaliwa kuwa ufunguo na kuwekwa nafasi ya 3. Kisha mahali pengine katika programu mtu akaiongezea 7. Hashi mpya inaelekeza nafasi ya 6. Python inakwenda nafasi ya 6, haikuti kitu, inajibu kwamba ufunguo haupo, ilhali thamani imekaa kule nafasi ya 3.

Kosa hilo linaweza kuonekana kwa macho. Mwandishi wa programu akitunga klasi yake, akaipa mbinu ya __hash__ inayotegemea sifa inayobadilishika, akakitia kitu chake ndani ya seti na baadaye akaibadilisha sifa ile, seti itamwambia kitu hakimo. Akiipitia seti kimoja kimoja, anakikuta kimo. Hakuna ujumbe wowote wa kosa unaotokea, na saa nyingi hupotea kwa hitilafu za namna hiyo. Ukali wa Python kwa orodha ni ulinzi wa kweli.

Tiba ya mstari wa umbali ni tupuli, yaani mfuatano usiobadilishika: umbali[("Dar", "Morogoro")] = 190. Hapo kila kitu kinakwenda. Lakini Dar hadi Morogoro na Morogoro hadi Dar sasa ni funguo mbili tofauti, kwa kuwa tupuli hujali mpangilio. Anayetaka safari za pande zote mbili zihesabiwe kuwa njia moja atumie frozenset, seti isiyobadilishika, ambayo huhashika na haijali nani alitangulia.

Vidokezo vya aina, yaani maandishi ya kuonyesha kitu kinatarajiwa kuwa cha aina gani, viliongezwa rasmi katika Python 3.5, mwaka 2015, na wengi hutarajia vizuie makosa haya. "Kidokezo" ni neno zuri kuliko "tamko", kwa sababu programu inapokwenda Python haimlazimishi mtu kuvifuata. Kinachovisoma na kuvihakiki ni chombo cha pembeni kama mypy. Funksheni inayopokea nambari: list[int] na kurudisha int inaweza kuwa na vidokezo vya kweli tupu, kisha mtu akaipachika lru_cache juu yake ili majibu yahifadhiwe yasikokotolewe mara mbili. Inapoitwa tu, inaanguka: orodha haihashiki. Hifadhi ya lru_cache ni kamusi, na hoja za funksheni ndizo funguo zake. Mhusika hukodolea macho kidokezo chake, ambacho hakina kosa, wakati mgogoro uko baina ya aina aliyoichagua na hifadhi aliyoiongeza.

Akihamia kwenye tupuli hukutana na mtego mwingine. tuple[int] maana yake ni tupuli yenye namba moja tu. Kwa tupuli ya urefu wowote huandikwa tuple[int, ...], na zile nukta tatu si mapambo. Na anayetumia Python 3.8 atakataliwa hata list[int] yenyewe, kwani maandishi hayo yalianza kukubalika katika 3.9, mwaka 2020. Kabla ya hapo ilibidi kuagiza List kutoka moduli ya typing.

Ipo pia aina iitwayo Hashable, ya kudokeza kwamba funksheni inataka kitu chochote kinachohashika. Inafaa, ila ina mpaka. Tupuli yenye orodha ndani yake, kama (1, [2, 3]), ikiulizwa kwa isinstance kama ni Hashable hujibiwa True, maana kinachoangaliwa ni tupuli ya nje peke yake. Ikipitishwa kwenye hash() inakataa kwa maneno yaleyale ya mwanzo, na orodha inayotajwa ni ile ya ndani.