Sanduku la Mlinzi wa Saio (Sehemu ya 3)

ILIPOISHIA: Kalima, Kongo, 1948. Bulamatari, serikali ya kikoloni ya Kibelgiji, amepiga marufuku Bwami, chama cha jadi cha Warega. Polisi wanapekua kambi ya wachimba bati wa Symétain, na Koplo mstaafu amesikia hodi. Sandukuni mwake mna vinyago viwili: kimoja cha kopo, kingine cha Bwami, alichoachiwa na mjomba.

SASA ENDELEA…

Koplo hakuinuka. Mvua iliyopiga bati ilimrudisha Saio, Uhabeshi, Julai 1941.

Jenerali Gazzera wa Italia alikuwa amesalimu amri tarehe 3 kwa Gilliaert wa Ubelgiji, na yeye, kijana wa Kirega wa Force Publique, jeshi la Kongo, akapewa bunduki alinde Wazungu. Wazungu! Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka.

Jioni moja mateka wa Kitaliano walitundika mablanketi kati ya miti miwili, wakawasha kandili. Akatokea bibi harusi: askari mwenye ndevu za siku tatu, amejitanda chandarua kilichotobolewa na sigara, shela likiburuzika matopeni. Bwana harusi alivaa kinyago kilichokatwa kwenye kopo la nyama, kingo zimekunjwa zisimchane mashavu. Mateka walicheka hadi machozi; wengine walilia tu. Afisa wa Kibelgiji, mbele kabisa, alipiga makofi.

Kwao Urega kinyago si cha kuchekesha. Lukwakongo, kinyago cha Bwami, hupakwa udongo mweupe, huweza kushikwa mkononi au kutundikwa uani, na mwenye daraja chamani hujua funzo lake. Hata hivyo, usiku ule wale walioshindwa vita walisimama wima. Asubuhi bwana harusi akamwekea Koplo kinyago kile mkononi, kimya.

“Mateka aliruhusiwa chake,” Koplo aliwaza. “Mimi niliyemshinda nanyimwa changu, kwetu?”

“Baba watoto,” mkewe alinong’ona, “choma hicho cha mjomba. Moto ungalipo.”

“Hakichomwi, mama. Nimeachiwa nikitunze.”

Komeo likavunjika. Polisi kijana aliingia na tochi, akafunua sanduku, akatoa kinyago cha kopo.

“Mchezo wa watoto huu, Baba Koplo.”

Akakirudisha. Kisha vidole vyake vikagusa mti chini ya koti la jeshi. Akautoa ule uso mweupe wenye ndevu za katani, akaugeuza, akapapasa ufa kidevuni. Nje, Mzungu alikohoa akisubiri.

Polisi alizima tochi.

“Koplo,” alisema kwa Kirega, sauti ikimkwama, “hiki si cha mjomba wako. Nilikiweka mwenyewe juu ya kaburi la baba yangu. Nani alikitoa?”

Mlangoni, hatua za buti zilianza kupanda ngazi.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO