Talaka: nyumba, kiwanja na vyombo vinagawanywa namna gani?

"Hii nyumba iko kwa jina langu. Kamata nguo zako, uende kwenu." Mu kartie nyingi za Bukavu, iwe Ibanda, Kadutu ao Bagira, maneno kama hayo ndiyo yanafunga ndoa. Mama anatoka na watoto, anaacha nyumba aliyosaidia kujenga. Je, sheria ya Kongo inakubali hivyo? Hapana. Jina lililo juu ya karatasi si mwisho wa maneno. Mbele ya sheria kuna maswali mawili makubwa: mali ilipatikana lini, na ilipatikana kwa njia gani?

Yote inaanzia siku ya ndoa

Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inawapa wachumba njia tatu za kupanga mali yao. Wanachagua mbele ya ofisa wa leta sivili, ku komine:

– Kila mtu na mali yake (séparation des biens). Kila mmoja anabaki mwenye mali yake, ya mbele ya ndoa na ya kisha.
– Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili (communauté réduite aux acquêts). Kile kila mmoja alikuwa nacho mbele kinabaki chake.
– Mali yote ni ya pamoja (communauté universelle), hata ile ya mbele ya ndoa.

Siku ile wengi wanafikiria sherehe, hawaulizi neno juu ya mali. Kama hamkuchagua, ao kama kuna ubishi juu ya uchaguzi wenu, sheria inawaweka mu njia ya pili. Angalia akti yenu ya ndoa, utaona nini iliandikwa.

Nini ni ya nani?

Tuchukue mfano. Bwana na bibi wamefunga ndoa mwaka 2010 mu njia ya pili. Mbele ya ndoa, bwana alikuwa na pikipiki. Bibi alipewa cherehani na mama yake. Kisha ndoa, bibi ameuza sambaza ku soko la Kadutu, bwana amefanya kazi ya mwashi. Mwaka 2015 wamenunua kiwanja Panzi, na karatasi imeandikwa kwa jina la bwana peke yake.

Pikipiki ni ya bwana. Cherehani ni ya bibi. Urithi na zawadi ambayo mtu amepewa yeye peke yake inabaki yake pia. Lakini kiwanja cha Panzi ni cha wote wawili, sababu kilinunuliwa ndani ya ndoa. Haijalishi nani alihesabia muuzaji pesa. Na kitu ambacho hakuna anayeweza kuonyesha kwamba ni chake peke yake, kinahesabiwa kuwa cha pamoja.

Talaka ikitoka, kila mmoja anachukua kwanza mali yake. Madeni ya nyumba yanaangaliwa. Kile kinachobaki cha pamoja kinagawanywa nusu kwa nusu.

Kesi ngumu: nyumba ya pamoja juu ya kiwanja cha urithi

Mara nyingi baba anamwachia kijana wake kiwanja, kisha kijana na bibi yake wanajenga pamoja. Kiwanja ni cha bwana, ni urithi wake. Lakini matofali, mabati na simenti vilinunuliwa na pesa za nyumba. Bibi anaweza kuomba tribinali ifanye hesabu ya pesa hizo. Hapo ndipo risiti na mashahidi wanakuwa na maana.

Huku Kabare na Walungu kuna pia kalinzi, ardhi inayotoka kwa mwami ao chefu. Desturi inaihesabu kuwa ya mwanaume na ukoo wake, na mwanamke akiachwa anaambiwa hana kitu pale. Tofauti ni shamba ambalo bibi na bwana wamenunua na pesa zao: hilo haliwezi kuitwa la ukoo. Kufuatana na Katiba ya 2006, tribinali inafuata desturi kama haipingane na utulivu wa watu wote ao na tabia njema.

Na wale wasioandikishwa?

Ndoa iliyofungwa kati ya jamaa mbili, mahari ikatolewa, inapaswa kuandikishwa ku komine. Padri ao pasta peke yake hatoshi. Kwa wanaoishi "yaka tofanda", bila mahari na bila komine, sheria haioni ndoa. Kila mmoja anabaki na kazi ya kuonyesha kile alichotia, na bila karatasi ni vigumu sana.

Nani anaamua?

Barza ya jamaa inaweza kupatanisha, lakini haiwezi kutoa talaka. Talaka inatolewa na tribinali ya amani (tribunal de paix), na mbele ya yote jaji anajaribu kuwapatanisha. Wakati kesi inaendelea, anaweza kuamua nani anabaki mu nyumba, watoto wako wapi, na mali inalindwa namna gani.

Tangu 2016 bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana mbele ya sheria. Wote wawili wanapaswa kupatana. Kama unasikia mwenzako anauza nyumba kisirisiri, usingojee talaka: peleka neno hilo haraka kwa avoka ao ku tribinali.

Karatasi za kuchunga

– Akti ya ndoa
– Karatasi ya kuuziana kiwanja, fishi parseleri ao sertifika ya anrejistrema
– Risiti za vifaa vya kujengea
– Kaye ya likelemba ao ya biashara
– Majina ya mashahidi waliokuwepo siku ya kununua

Fanya kopi, uziweke kwa mtu unayemwamini, si mu nyumba peke yake. Moto, mvua na kukimbia vita vimekwisha kuharibu karatasi za wengi hapa kwetu. Na mkinunua kiwanja kesho, ombeni majina yote mawili yaandikwe. Kuandika jina la pili siku hiyo ni rahisi kuliko kulitafuta ku tribinali miaka kumi kisha.