Uvujaji wa damu ndani ya fuvu na uti wa mgongo kutokana na dawa za kuzuia damu kuganda

Dawa za kuzuia damu kuganda hazitoboi mshipa. Mshipa mdogo wa ubongo uliochakazwa na shinikizo la damu au umri ndio unaopasuka. Dawa huifanya damu iendelee kumwagika pale ambapo ingekoma yenyewe. Kwa sababu hiyo hatari ya mgonjwa hutegemea sana hali ya mishipa yake na jinsi dozi inavyosimamiwa. Kwa watumiaji wengi wa warfarini, mojawapo ya dawa hizi, kipimo cha INR, yaani cha muda wa damu kuganda, hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Utafiti wa SPIRIT wa mwaka 1997, uliolenga 3.0 hadi 4.5 kwa watu waliokwisha kupata kiharusi, ulisitishwa mapema kwa sababu ya uvujaji wa damu. Dawa za kawaida kama metronidazoli, fulukonazoli na kotrimoksazoli hupandisha kipimo hicho, na mara nyingi hununuliwa bila muuzaji kujua mteja anatumia warfarini.

Wapo watakaosema jina la dawa nalo lina uzito, na ni kweli: katika utafiti wa RE-LY (2009), damu ilivuja ndani ya fuvu kwa asilimia 0.74 ya watumiaji wa warfarini kwa mwaka, dhidi ya 0.30 kwa dawa nyingine, dabigatrani ya miligramu 150. Lakini utafiti huo haukuwahusu wenye vali bandia za chuma, na utafiti wa INVICTUS (2022) ulionyesha kuwa wagonjwa wa moyo wa rumatizimu, ugonjwa ulioenea Afrika Mashariki, walikufa wachache zaidi kwa dawa za kundi la warfarini kuliko kwa dawa ya rivaroksabani. Pingamizi la pili, kwamba mzee anayeanguka asipewe dawa hizi, ni dhaifu zaidi. Hesabu ya mwaka 1999 ilikadiria kuwa angepaswa kuanguka mara 295 kwa mwaka ndipo madhara yazidi faida. Ni hesabu ya karatasini, lakini pengo lake ni kubwa mno kupuuzwa.

Uti wa mgongo husahaulika kwa kuwa uvujaji wake ni nadra. Maumivu makali ya ghafla ya mgongo, miguu kulegea na mkojo kuziba kwa mtumiaji wa dawa hizi ni dharura, hata kama hakuanguka. Picha ya kichwa haitaonyesha kitu. Huhitajika MRI ya mgongo. Vitamini K, inayopinga warfarini, huchukua saa kadhaa kufanya kazi, hivyo mtumiaji wa warfarini huongezewa plazma au protini za kugandisha damu, ili upasuaji wa kuondoa mgandamizo ufanyike kabla neva hazijafa.