Mwalimu Ohm na Kipimo Kisichoyumba

Georg Simon Ohm, mwana wa fundi wa makufuli, alizaliwa mwaka wa 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Alipokuwa mwalimu wa shule katika mji wa Köln, alikusudia kufumbua jambo lililokuwa bado halijaelezwa sawasawa: waya ukizidi urefu, umeme upitao ndani yake hupungua kwa kadiri gani?

Umeme wake aliupata kwanza katika betri ya namna ile iliyobuniwa na Mtaliano Alessandro Volta mwaka wa 1800. Lakini betri hiyo ilikuwa kigeugeu. Mara waya zilipounganishwa, umeme ulikuja kwa nguvu, kisha ukafifia huku kazi ya kupima ikiendelea. Sindano ya sumaku iliposogea, ilikuwa vigumu kujua kama sababu ni urefu wa waya au ni kuchoka kwa betri. Hata hivyo, mwaka wa 1825 Ohm alitangaza kanuni aliyoipata kwa vipimo hivyo, nayo haikuwa sahihi.

Ndipo Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, alipomshauri aiache betri na kutumia uvumbuzi wa Thomas Seebeck. Mwaka wa 1821 Seebeck alikuwa ameona ya kwamba metali mbili za namna mbalimbali zikiunganishwa ncha kwa ncha, na kiungo kimoja kikawa na joto kuliko cha pili, sindano ya sumaku iliyo karibu hugeuka. Yeye alidhani ni usumaku tu; leo twajua kuwa ni umeme unaopita.

Ohm akaunganisha bismathi na shaba. Kiungo kimoja akakitia joto kwa maji yanayochemka, cha pili akakipoza kwa barafu inayoyeyuka. Umeme uliopatikana ulikuwa hafifu, lakini thabiti. Ni kweli kwamba maji hayachemki kwa joto lile lile mlimani na pwani; lakini mahali pamoja, hewa ikiwa haijabadilika, maji yachemkayo hayazidi joto, wala barafu iyeyukayo haizidi baridi. Akapima waya nane za shaba, zenye unene mmoja na urefu mbalimbali, akarudia kazi hiyo kwa siku kadhaa.

Mwaka wa 1826 alitangaza kanuni iliyo sahihi, na mwaka wa 1827 akaieleza katika kitabu. Hakupata sifa upesi. Mwaka wa 1841 ndipo Royal Society ya London ilipomtunukia nishani ya Copley, na leo kipimo cha ukinzani wa umeme huitwa kwa jina lake.

Mtu aliyeandika kanuni ya 1825 na aliyeandika ile ya 1826 alikuwa ni yule yule, na bidii yake ni ile ile. Kilichobadilika ni chimbuko la umeme wake. Hata sasa, wanaopima vyombo vya kugeuza joto kuwa umeme hawana budi kuhakikisha kwanza kwamba joto la pande zote mbili limetulia, ndipo waandike tarakimu.