Mwanya wa Reli, Wala Si Upana

Upana wa reli ni sentimita 6 au 7 hivi. Yeyote aliyewahi kuchutama pale stesheni ya Mombo na kuweka rula juu ya kichwa cha chuma, mahali gurudumu linapokanyaga, anaujua. Kwa hiyo orodha fulani ya istilahi za usafirishaji iliponifikia kwa simu, nikasoma humo kwamba "upana wa reli" kwenye njia ya zamani ya Tanga ni milimita 1000, na kwenye njia mpya ya Dar es Salaam ni milimita 1435, nilicheka kwanza. Chuma chenye upana wa karibu mita moja na nusu si reli, ni sakafu. Kisha kicheko kikanikauka, maana orodha ilikuwa na muhuri, na juu ya neno hilohilo nilikwisha kuwaandikia waheshimiwa wa kikao kilichoipitisha barua mbili ambazo hadi leo hazijajibiwa.

Msomaji anajua kinachozungumzwa, sitampotezea muda. Ni ule umbali unaopimwa kutoka uso wa ndani wa kichwa cha reli hii hadi uso wa ndani wa kichwa cha reli ya pili, chini kidogo ya pale juu panapong'aa. Ndani hadi ndani. Maneno hayo matatu ndiyo kesi yangu yote, na kikao kingeyazingatia kabla ya chai ya saa nne, makala hii isingeandikwa.

Ugomvi huu sikuutoa vitabuni, ulinikuta mezani kwangu. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikijenga stesheni ya Mombo juu ya meza ya chumba cha nyuma, hapa Lushoto, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 87. (Hicho kinaitwa kipimio. Kuna aliyeandika mahali "mfano wa mizani", kana kwamba mabehewa yangu yanauzwa kwa kilo. Kipimio cha ramani tulikifundisha watoto shuleni. Huyo bwana siku hiyo alikuwa mtoro.) Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na haikufika Mombo hadi 1905: kilomita 129 kwa miaka 12, na katikati kampuni iliyoianza ikaishiwa fedha, serikali ya Wajerumani ikaichukua mwaka 1899. Mimi niko mwaka wa nne na nimetandaza mita mbili na robo. Sijioni mzembe.

Mikosi ya meza hiyo ni mingi. Springi ya kichwa cha treni, ndogo kuliko punje ya mtama, iliruka kutoka kwenye kibano ikaingia baina ya mbao za sakafu, nikaitafuta kwa magoti na tochi hadi mgongo ukagoma. Umeme hukatika lehemu ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuyeyuka. Ukungu wa Juni na Julai, ambao wageni wanaupiga picha kule Irente, kwangu unaingia hadi ndani ya kopo la gundi. Hayo yote nayasamehe. Nisilolisamehe ni lile la kigezo.

Ili reli mbili zikae sawa unahitaji kigezo, kijiti cha mbao ngumu kilichokatwa kwa kipimo. Unakiweka katikati, unazisogeza reli hadi zigusane nacho pande zote mbili, ndipo unagundisha. Mita moja ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu. Watengenezaji wa magurudumu ya mfano huko Ulaya wameikadiria kuwa 12, na magurudumu yangu, aliyoniletea mpwa wangu kutoka Ujerumani, ni ya 12. Nikamwendea jirani yangu, fundi seremala ambaye mkono wake haukosei hata unene wa ukucha. Nilikuwa nimetoka kuisoma orodha ile, na kwa udhaifu wa kutaka kusema Kiswahili kilichopitishwa nikamwambia: "Fundi, nitengenezee kigezo, upana wa reli uwe milimita 12." Nikamwachia na vipande viwili vya reli apimie.

Jioni akaniletea kigezo cha mwangati, kimepigwa msasa hadi kinanukia penseli. Nikagundisha sentimita 60 za njia usiku uleule. Asubuhi nikaweka kichwa cha treni juu yake. Magurudumu hayakuingia, kichwa kikasimama juu ya kingo zake kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mwanawe, nilipokisukuma kikalala ubavu. Nikapima kwa kalipa. Milimita 10.

"Shikamoo, Mwalimu. Kimekaa sawa?"

"Marahaba. Fundi, si nilikwambia 12?"

"Ni 12, Mwalimu. Ulisema upana wa reli. Mimi hata upana wa meza naupima ukingo kwa ukingo, nje kwa nje. Vyuma vyako vina milimita moja moja, nikavitoa, kijiti kikabaki 10."

Hesabu yake ilikuwa sahihi na Kiswahili chake kilikuwa sahihi. Aliyekosea hakuwamo chumbani mwetu. Alikuwa amekwisha kulipwa posho na kurudi kwake.

Neno linalotakiwa ni mwanya. Nimelitetea kwa miaka na nitaendelea. Mswahili hahitaji kufundishwa mwanya ni nini: ni ile nafasi kati ya meno mawili ya mbele ya juu, ambayo mwenye kujaliwa nayo husifiwa, na wapo ambao kwa kuikosa huiendea kwa fundi wa meno. Sasa mwulize mtu yeyote, Tanga au Unguja, mwanya unapimwa wapi. Hakuna atakayekujumlishia na meno yenyewe. Mwanya unaanza pale jino la kushoto linapoishia na unakoma pale la kulia linapoanzia. Ndani hadi ndani! Lugha ilikuwa na kipimo hiki kinywani kabla chuma cha kwanza hakijashushwa bandarini Tanga, na wanaolipwa kuilinda hawakufungua hata mdomo wakajitazama kwenye kioo.

Wala mtu asiniambie kwamba maneno ya nafasi yako mengi, tuchague lolote. Pengo ni mahali palipong'oka kitu. Reli ikiibwa ndipo tuna pengo. Ufa umetokea bila kutakiwa. Upenyo ni wa kupitia mtu mwembamba au mwanga. Nafasi ni neno la kila kitu, hata kazi ya uhasibu inatangazwa kuwa nafasi. Mwanya peke yake ndio unaotaka vitu viwili vinavyofanana, vilivyosimama sambamba, na uwazi kati yao ambao ni wa maumbile yao wala si kasoro. Jino kwa jino, reli kwa reli.

Wenzetu nao tuwatazame. Wafaransa umbali huu wanauita "écartement", kutoka kitenzi cha kutenganisha vitu viwili, yaani wamekaribia kabisa mwanya wangu bila kunijua. Wajerumani, ambao ndio waliotuletea njia hii ya Tanga, walisema "Spurweite". "Spur" kwao ni alama inayoachwa na mguu au gurudumu, mkondo wa kitu kilichopita. "Weite" ni uwazi, umbali wa huku na kule. Nashuku sana kwamba mjumbe mmoja aliyesomeshwa Kijerumani kidogo ndiye aliyekamata ile sehemu ya pili, akaiita upana, na "Spur" akaiacha forodhani.

Kuhusu geji nitasema ukweli, ingawa wapinzani wangu wataushangilia. Watu wa gengi, wale wanaotembea njiani na nyundo, wanasema geji, na nawaheshimu kuliko vikao vyote. Lakini geji yao ni chombo, ile fimbo ya chuma wanayoilaza juu ya reli kukagua; na hata neno la Kiingereza lililoizaa lilitoka kwa Wafaransa wa kaskazini likiwa na maana ya fimbo ya kupimia. Basi fimbo ibaki geji. Kinachopimwa kipewe jina lake. Tena geji imekwisha kuolewa na mabati. Nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi uombe bati geji 30, utapewa jembamba kuliko geji 28, kwa kuwa kwenye bati namba ikipanda unene unashuka. Mtoto aliyekua akisikia hivyo, mwambie reli ya geji kubwa, ataelewa nini? Hapo hatujagusa geji ya mafuta wala geji ya upepo wa tairi.

Kisha kuna ile "reli ya kiwango cha kimataifa", ambayo magazeti yameikariri tangu treni za umeme za abiria zianze kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Ni maneno mazuri, yana hadhi, yanafaa kwenye hotuba. Ila yametafsiri usanifu yakasahau kinachosanifiwa. Hoteli pia ni ya kiwango cha kimataifa. Choo cha uwanja wa ndege ni cha kiwango cha kimataifa. Ukisema reli ya mwanya sanifu, msikilizaji anajua mara moja kwamba kuna uwazi fulani uliokubaliwa, milimita 1435, na kwamba behewa la Mombo likiwekwa pale litadumbukia.

Pingamizi nimezisikia. Ya kwanza, kwamba mianya siku hizi ni ya rushwa, na kwamba waziri hawezi kusimama bungeni akasema serikali imejenga mwanya mkubwa. Nakiri ningependa kuwepo siku hiyo. Ya pili ni ya mtu mmoja mwenye lugha laini, simtaji, aliyesema mwanya uachiwe ule uwazi mdogo kati ya ncha ya reli moja na ncha ya inayofuata, unaoachwa ili chuma kipate pa kurefukia jua likiwaka. Hoja hiyo ina uzito kuliko mwenyewe anavyojua, na ilininyima usingizi siku mbili. Jibu langu ni kwamba ncha zile zinatazamana, hazikusimama sambamba. Ule ni upenyo wa kiungo, na siku ya joto kali unaweza kuziba kabisa. Mwanya wa kweli ukiziba hakuna treni.

Tuna mfano mzuri wa ujasiri wa zamani. Zile mbao au vyuma vinavyolazwa chini ya reli tunaviita mataruma, na taruma ni neno la mafundi wa majahazi, la gogo la kuimarishia chombo. Mtu fulani, bila kikao, aliona kazi ya gogo lile ndani ya jahazi na kazi ya gogo hili chini ya njia, akaona ni moja. Waingereza wenyewe waliona magogo yamelala wakayapa jina la usingizi. Katika orodha yenye muhuri, nasikitika kuarifu, yamependekezwa "vilalio".

Matumizi, kwa haraka: reli ya Usambara ni ya mwanya wa mita, ile ndogo ya kubebea mbao iliyokuwa ikipanda kutoka Tengeni hadi Sigi ilikuwa ya mwanya finyu, milimita 750, TAZARA ni ya 1067. Pale Kidatu mianya miwili inakutana na shehena inahamishwa kutoka behewa hadi behewa, kwa tofauti ya milimita 67, ambazo, kama msomaji anakumbuka tulipoanzia, ndizo upana wa reli moja.

Neno mwanya linakubali pia vitenzi, na hapo ndipo "upana" unapoanguka kabisa. Taruma likioza au vifungo vikilegea, reli husogea nje kidogo kidogo hadi siku moja gurudumu linateleza katikati na treni inaacha njia. Sema "upana wa reli umeongezeka" na mtu atadhani chuma kimevimba.

Fundi amenikatia kigezo kipya, cha 12 barabara. Safari hii nilimwambia mwanya, naye hakuuliza swali. Nikabandua zile sentimita 60 kwa kisu na maji ya moto, nikapoteza mataruma kumi na moja, nikaanza kupinda reli kwa ajili ya kona inayotoka stesheni kuelekea Mazinde. Ikaja wiki ya ukungu. Gundi haikukauka, na reli iliyopindwa daima inataka kunyooka. Usiku wa tatu ile ya nje ikajivuta pole pole kuelekea dirishani. Asubuhi fundi alipita kuchukua msumeno wake, akainama juu ya meza, akatazama behewa langu la abiria lililokaa na gurudumu moja chini.

"Mwalimu," akasema, "hapa mwanya umepanuka."

Nilimwomba arudie. Nikaandika tarehe nyuma ya kigezo. Orodha yenye muhuri, ambayo nilikuwa nimeichapisha stationari kwa fedha yangu, iko chini ya kopo la gundi, inazuia meza isichafuke.